Nyangwe: soko na mtumbwi

Siku ya kwanza ya somo huwa nawaomba wanafunzi waweke mezani vitambulisho vyao. Vinatoka mifukoni, kwenye vikoba, nyuma ya kava za simu: kadi za mpiga kura, plastiki nyembamba ambayo wino wake hufutika kwa jasho. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo imekuwa hati ya raia wa Kongo. Pasipoti? Katika wanafunzi 22 wa mwaka jana hapakuwa na hata mmoja mwenye nayo. Ndipo ninapogeukia ubao na kuandika jina la somo kwa herufi kubwa: URAIA WA DUNIA. Kicheko kinachofuata nimekizoea, siku hizi hata nakisubiri.

Somo hili sikulibuni mimi. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kipengele cha saba cha lengo la nne kilitaka kwamba ifikapo 2030 kila mwanafunzi awe amefundishwa, pamoja na mengine, uraia wa dunia. Vyuo vya ng'ambo vikaanza kutafuta washirika, na kimoja kikatupata sisi. Nilikabidhiwa programu kwa kuwa nafundisha historia na kwa kuwa, nadhani, hakuna mwenzangu aliyeitaka. Muhtasari uliotufikia ulikuwa na picha ya watoto wa kila rangi wameshikana mikono kulizunguka tufe. Kulikuwa na sura ya kuvumiliana, sura ya kuzungumza na watu wa tamaduni nyingine, sura ya kufungua moyo kwa mgeni. Niliisoma yote usiku mmoja, kibatari pembeni, nikitafuta mahali ambapo mtoto wa Kabambare au Kasongo angesema, hapa nami nipo. Sikupaona. Mgeni katika muhtasari ule alikuwa daima ndiye anayekuja na mema.

Kwa hiyo nikawapeleka Nyangwe.

Ukitoka Kasongo unashika njia ya magharibi, ukipanda kidogo kuelekea kaskazini, pikipiki zikifuatana kama siafu. Masika hiyo ni safari ya siku nzima, na matope yanakufundisha unyenyekevu kabla ya mwalimu. Mwisho wake ni kijiji juu ya ukingo wa kulia wa Lualaba: nyumba za udongo, michikichi, miembe mikubwa, mti uliokuja na watu wa pwani, na mto mpana unaokwenda kaskazini bila haraka. Anayefika kwa mara ya kwanza huuliza mji uko wapi. Kapita, msimamizi wa kijiji, hujibu kwa kuonyesha ardhi anayoikanyaga muulizaji.

Mji ulikuwapo. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa Zanzibar na mrima, wakiwa wamemaliza pembe za karibu, walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, wakapita Kabambare, wakafika kwenye mto huu. Hawakukuta jangwa. Walikuta soko.

Hapo ndipo ninapowakalisha wanafunzi chini, maana soko ndilo kiini cha Nyangwe, na ndilo lililonifanya nikubali kulifundisha somo hili. David Livingstone alifika hapa mwishoni mwa Machi 1871, akakaa karibu miezi minne. Soko aliwasikia watu wakiliita chitoka. Lilikusanyika siku moja, kisha likapumzika siku tatu, watu wakienda kwenye masoko mengine ya jirani, halafu likarudi. Alikadiria watu 3,000 kwa siku, wengi wao wanawake. Walikuja na samaki wabichi na wa kukaushwa, konokono, kuku, vyungu, chumvi, pilipili, mihogo, mafuta ya mawese, vitambaa vya nyuzi za majani. Walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi ya Wagenya, mabwana wa maji haya, ambao mpaka leo huwezi kuvuka bila wao.

Jambo lililomshangaza mzee yule wa Scotland ndilo ninalotaka wanafunzi wangu walishike. Vijiji viwili vingeweza kuwa vitani, wanaume wakiviziana msituni kwa mikuki, na bado mama mwenye kapu kichwani alipita katikati yao kwenda sokoni na kurudi, hakuna aliyemgusa. Ndani ya soko watu walilindana haki wao kwa wao. Hapakuwa na askari wala hati yenye mhuri. Mkusu, Mzimba, Mgenya, mtu wa pwani, mgeni mzungu mwenye meno mabovu, kila mmoja aliingia kwa sheria moja: umekuja kuuza au kununua, basi uko salama.

Baada ya hapo nampa kila mwanafunzi bidhaa moja ya Nyangwe ya mwaka ule, aifuatilie hadi ilikotoka au ilikokwenda. Aliyepata merikani hufurahi, maana jina lenyewe limemwambia nusu ya jibu: nguo ya viwanda vya pamba vya New England, ikipelekwa Zanzibar na meli za Salem tangu miaka ya 1830. Mwenye shanga hufika Venice. Mwenye kauri hurudi Bahari ya Hindi. Mwenye pembe za ndovu ana safari ndefu kuliko wote: mabegani mwa wapagazi hadi Ujiji, Tabora, Bagamoyo, kisha Zanzibar, kisha meli, kisha Connecticut, kwenye viwanda vya Ivoryton na Deep River vilivyokata pembe kuwa vibao vyeupe vya piano. Na aliyepewa deni, maana deni nalo lilikuwa bidhaa, humkuta Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar aliyewakopesha mali watu kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip.

Msichana mmoja, aliyekuwa amehangaika asubuhi nzima akiinua simu yake juu ili ipate mtandao, alisema, “Kumbe zamani tulikuwa karibu na dunia kuliko leo.”

Nilimwuliza: karibu kwa nani?

Maana kulikuwa na watu ndani ya Nyangwe ile ambao wasifu wao ungeshinda wa mwanafunzi yeyote wa kubadilishana. Pamoja na Livingstone walikuwa Abdullah Susi wa Shupanga, Zambezi. James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto. Na Edward Gardner, Mwafrika aliyesomeshwa Nasik, nchini India, katika shule ya watumwa waliokombolewa. Walikuwapo pia watu kumi waliotumwa kwake kutoka Zanzibar, watumwa wa Mabaniani, Waafrika waliomilikiwa na Wahindi na kupelekwa na konseli wa Uingereza kumhudumia adui mkubwa wa utumwa. Wanafunzi hudhani ninatania, nami huwaruhusu wacheke kidogo, kwa sababu kinachofuata hakichekeshi.

Tarehe 15 Julai 1871 kulikuwa na joto zito. Ng'ambo ya mto moshi ulipanda. Vijiji vilikuwa vimechomwa katika ugomvi ulioanzishwa na mtumwa mmoja wa wafanyabiashara wa pwani, jina lake Manilla. Kwa hiyo soko halikujaa, walikuja kama watu 1,500 tu. Livingstone alitembea humo, akaona watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wamebeba bunduki. Alishangaa, kwa kuwa bunduki haikuwa na kazi sokoni, lakini alinyamaza, akadhani ni ugeni wao. Mmoja wao alikuwa akibishania bei ya kuku. Alipogeuka kuondoka, milio ikaanza. Wanawake walitupa makapu, wakakimbilia mitumbwi iliyokuwa imebanana kwenye kihori, na wakati huohuo kundi jingine likawapiga risasi kutoka kwenye ukingo wa kihori. Waliojitupa majini walijaribu kuogelea hadi kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo ukiwasukuma kando. Vichwa vilionekana vimepangana mtoni, kisha vikazama kimoja kimoja. Dugumbe mwenyewe alituma mtumbwi, akaokoa 21. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Hapo sisemi kitu kwa muda. Mwaka wa kwanza nilijaribu kueleza zaidi, nikajiona ninapiga kelele tu.

Kuna karatasi ya tukio hilo. Livingstone alikuwa ameishiwa daftari, akaandika juu ya kurasa za gazeti la The Standard la Novemba 1869, akikatiza maandishi yake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino aliotengeneza kwa mmea wa hapa. Wino ule ulififia hata hausomeki, mpaka 2011 wanasayansi walipoumulika kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuutoa tena. Kitabu kilichochapishwa London mwaka 1874 kilikuwa kimekwisha kulainishwa. Ukorofi wa watu wake mwenyewe, wale waliotoka Zanzibar, ulikuwa wazi zaidi katika gazeti kuliko kitabuni. Habari za mauaji zilifika Ulaya mwaka 1872, zikaongeza shinikizo juu ya Sultani Barghash, na Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Vifo vya wanawake wa Nyangwe vikawa hoja mezani mwa watu ambao wasingewatambua hata mmoja wao kwa jina.

Tippu Tip alituachia maisha yake, kwa Kiswahili, na ninayafundisha. Ni lugha yetu na ni mtu aliyejua kusimulia. Lakini ni sauti ya mwenye bunduki. Mama aliyekuwa akiuza kuku siku ile hakuacha kitabu.

Niseme pia kwamba soko lilirudi. Verney Lovett Cameron alilikuta mwaka 1874, na Stanley akalikuta 1876, akaorodhesha bidhaa zake kama karani wa ghala. Mara nyingi nimejaribu kumwazia mwanamke wa kwanza aliyeliteremsha kapu lake mahali pale tena.

Na sasa mtumbwi. Katika ziara ya pili mwanafunzi mmoja wa Kigenya aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani miaka yote niliyosoma habari hizi. “Mwalimu, hawa wazungu walikaa hapa wakingoja nini?” Walingoja mitumbwi. Livingstone aliomba mitumbwi miezi minne ili ateremke Lualaba, akiamini ni Nile. Wazee walimwahidi kesho, na kesho kutwa, na baada ya soko lijalo. Hakuipata, akarudi Ujiji. Cameron aliomba naye; hakuipata, akapita kusini akatokea Benguela. Vitabu vinawaandika Wagenya kuwa watu wa hila na vigeugeu. Mimi naona watu waliohesabu. Ukingo wa kushoto ulikuwa bado na vijiji vizima; mtumbwi ukitolewa, bunduki zinavuka. Wakatumia silaha waliyokuwa nayo, yaani kesho.

Stanley hakungoja. Yeye na mwenzake Frank Pocock walikuwa wamerusha rupia ya India kuamua kama wafuate mto au waelekee kusini Katanga. Rupia iliwaambia kusini mara sita, nao wakafuata mto. Akampa Tippu Tip mkataba wa dola 5,000 amsindikize safari 60, wakaondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 kwa nchi kavu, msituni. Mitumbwi aliipata kule mbele, mingine kwa nguvu. Agosti 1877 alitokea Boma, na ramani aliyoileta ndiyo aliyoitumia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Ningependa kuisema hadithi hii kwa mapana zaidi, lakini wanafunzi wanaijua: Berlin, Dola Huru, mpira.

Wasichokijua ni mwaka 1893. Jeshi la Dola Huru chini ya Dhanis, likiwa na askari wengi wa Kiafrika na wapiganaji wa Ngongo Lutete aliyekuwa zamani mtu wa Tippu Tip, lilipiga kambi ukingo wa kushoto, likiikabili Nyangwe kwa majuma kadhaa bila njia ya kuvuka. Waliowavusha ni Wagenya. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kusema kesho, safari hii walileta mitumbwi, na tarehe 4 Machi mji ukaingiwa. Nani awalaumu? Wenye mji walikuwa wale wale waliowapigia mama zao risasi majini. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa na jeshi lile, alikadiria kwamba Nyangwe ilikuwa na watu kama 30,000, na kwamba baada ya majuma machache ilibaki nyumba moja kubwa na kambi ya askari kuizunguka. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili. Kabambare ilifuata Januari 1894. Dhanis akapewa cheo cha baron. Wagenya wakapewa kazi ya kulazimishwa, kama kila mtu.

Mvulana mmoja aliandika katika mtihani kwamba Wagenya walikosea mara moja tu. Mwenzake akaandika kwamba hawakukosea hata siku hiyo, walichagua tu kati ya maji na moto. Niliwapa wote wawili alama nzuri, na baadhi ya wenzangu wakanung'unika kwamba mwalimu wa historia lazima awe na jibu.

Mimi ni mtu wa Kabambare, Mbangubangu, na kwetu dunia imepita mara nyingi. Mwaka 1965, mashariki yetu, upande wa Fizi, Wacuba walikuja kuwasaidia waasi na kujipa majina ya namba za Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Tatu alikuwa Che Guevara. Baba yangu aliisikia habari hiyo akiwa mzee na hakuamini kwamba mtu atoke mbali kiasi hicho aje aitwe Tatu.

Watu wetu nao walikwenda. Wengine kwa minyororo, wengine kwa mzigo wa mtu mwingine begani, wengine kwa biashara yao. Ujiji ina Wamanyema. Buyenzi, Bujumbura, ina watu wanaotaja Kasongo kama nyumbani bila kuiona. Kariakoo ya Dar es Salaam ina Msikiti wa Manyema. Na lugha iliyokuja na msafara ilibaki baada ya msafara kuvunjwa. Jina lake la Kingwana latokana na waungwana, watu huru, ingawa wengi walioieneza hawakuwa huru. Leo Kiswahili ni kimojawapo cha lugha nne za taifa Kongo. Tulipounganishwa siku moja kwa video na wanafunzi wa pwani, robo saa nzima ilikwenda kwa ubishi wa sombe na kisamvu, majina mawili ya mboga ile ile, na hiyo ndiyo robo saa bora niliyowahi kuiona katika programu hii.

Kikao na washirika wetu wa ng'ambo hakikwenda hivyo. Walikuwa vijana wema, wamejiandaa. Mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, wafanye nini ili kutusaidia. Msichana wangu, yule wa simu, aliinuka akasema, “Kwanza tusaidieni kujua zile piano ziko wapi.” Mfasiri alisita. Halafu umeme ukakatika, na mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Ripoti ya washirika iliandika kwamba mazungumzo yalikuwa na changamoto za kiufundi.

Safari ya mwisho, Juni, wanafunzi walitaka kuvuka kwenda ukingo wa kushoto, kule moshi ulikoonekana siku ile. Tulikuwa tumechelewa barabarani. Jua lilikuwa limeshika vilele vya michikichi. Mzee wa Kigenya alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake akitengeneza wavu. Tulimwamkia, tukamweleza. Kiongozi wa wanafunzi akatoa hati yetu ya safari yenye mihuri minne, wa chuo, wa wilaya, wa usalama, na mmoja ambao mimi mwenyewe siujui ulitoka wapi. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama nyuma, akairudisha.

“Maji leo mubaya,” alisema. “Kesho.”

Mto ulikuwa umetulia kama mafuta kwenye sahani. Kijana mmoja akapandisha bei, kisha akaiongeza maradufu. Mzee akaendelea na wavu. “Papa, tumetoka mbali,” wakamwambia. Akasema hilo analiona. Niliwaangalia wanafunzi wangu wakitazamana, na mmoja wao, yule Mgenya wa ziara ya pili ambaye sasa ni msaidizi wangu, akaanza kucheka polepole hadi akalazimika kukaa chini.

Tulilala barazani kwa kapita, tukala bugali na samaki. Alfajiri mzee alikuwa tayari majini. Aliwavusha kwanza akina mama wenye makapu waliokuwa wakienda sokoni ng'ambo, akarudi, akavusha wengine na mbuzi wao. Sisi tulivuka safari ya tatu.